Samaki wa Nani? Riziki, Ujuzi na Hila katika Uvuvi wa Pwani

Uvuvi wa maji ya chumvi ni kazi ambayo pato lake halilingani na jasho. Mvuvi anaweza kutega leo na kesho mahali palepale, kwa chambo kilekile na maji yaleyale, siku moja akarudi na kapu tele na siku ya pili akarudi na kitoweo tu. Katika pwani ya Waswahili, kuanzia Lamu hadi Kilwa pamoja na visiwa vya Pemba, Unguja na Mafia, hali hiyo imelileta hadi mchangani swali ambalo wanazuoni hulijadili vitabuni: samaki aliyepatikana ni tunda la ujuzi wa mvuvi, au ni riziki aliyoandikiwa na Mungu? Jibu lake huamua mambo mengine mengi: samaki ni wa nani kabla hajavuliwa, nani anastahili kugawiwa, hila gani ni halali na ipi ni dhuluma, na samaki wakipungua nani wa kulaumiwa.

Wengi hulijibu swali hili kana kwamba ujuzi na riziki ni wapinzani, kwamba kinachoongezwa upande mmoja lazima kitolewe upande wa pili. Ukiangaliwa uvuvi wenyewe jinsi unavyofanywa, upinzani huo haupo. Ujuzi humfikisha mvuvi mahali ambapo samaki huenda akapatikana. Kinachobaki baada ya hapo hakitoki mkononi mwake, na sehemu hiyo isiyo yake ndiyo chanzo cha wajibu wake kwa wenzake na kwa bahari. Kwa hiyo ni vyema kuanza na yale anayoyajua.

Pepo, maji na mwezi

Mwaka wa bahari una pepo mbili kubwa. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, takriban kuanzia Desemba hadi Machi. Bahari huwa tulivu zaidi, na vyombo vidogo huweza kutoka nje ya mwamba na kwenda mbali. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, takriban kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba, ukiwa na nguvu zaidi na mawimbi makubwa, na wenye mitumbwi na ngalawa hulazimika kubaki ndani ya mwamba siku nyingi. Kati ya misimu hiyo huja maleleji, wakati upepo hauna mwelekeo wa kuaminika, na kusi ukishapoa huja matlai kutoka mashariki. Mkondo wa bahari unaopita mbele ya Tanzania na Kenya huelekea kaskazini mwaka mzima, lakini kusi huuongezea kasi na kaskazi huupunguza. Joto la maji ya juu nalo hubadilika, kutoka karibu nyuzi 25 za selsiasi mwezi Agosti hadi karibu nyuzi 29 au 30 mwezi Machi.

Juu ya mzunguko wa pepo kuna mzunguko wa maji. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa saa 24 na dakika 50 hivi, ndiyo maana maji ya leo huchelewa kwa takriban dakika 50 kuliko ya jana. Siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo, na vilevile baada ya mwezi mpevu, huja bamvua, ambapo tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4 Unguja na Mombasa. Wiki moja baadaye huja maji mafu, na tofauti hiyo hushuka hadi karibu mita moja. Kwa kuwa miezi ya Kiislamu huanza kwa kuandama kwa mwezi, mwenye kujua tarehe ya mwezi hahitaji jedwali la maji. Tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 ni za bamvua. Tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24 ni za maji mafu. Mwezi unaomwambia mvuvi lini afunge na lini afungue ndio unaomwambia lini mwamba utakuwa wazi. Kalenda hiyo haifai kwa pepo, kwani kila mwaka hurudi nyuma siku 11 hivi kulinganisha na jua. Kwa pepo, mabaharia na wakulima wa pwani walitumia hesabu ya Nairuzi, mwaka wa siku 365 unaohesabiwa kwa miongo, yaani makumi ya siku.

Mahali napo pana elimu yake. Maji ya joto yaliyo mbali na pwani huwa na chakula kidogo, hivyo samaki wengi hujikusanya penye mwamba, majani ya bahari, mikoko na mikondo. Changu hutafuta chakula usiku kando ya mwamba. Nguru na jodari hupita maji ya nje, nao huvuliwa kwa mshipi unaokokotwa nyuma ya chombo. Dagaa huvutwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu wavuvi wao hupumzika, maana taa haishindani na mwanga wa angani. Mwenye mshipi hukirudia kilindi chake kwa kulinganisha alama mbili za nchi kavu, kwa mfano mnara wa msikiti na mnazi ulio nyuma yake, kisha hushusha chubwi. Mshipi ukilegea, amejua kina kwa pima zilizotoka.

Elimu hii huonekana vizuri zaidi kwa wanawake wanaokwenda pwani kuchokoa pweza. Katika sehemu kubwa ya pwani hii, siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu saa 4 asubuhi, na mwamba hubaki wazi kwa muda mfupi tu kabla maji hayajarudi. Mchokoaji hamtafuti pweza, kwa sababu pweza hubadili rangi akafanana na jiwe. Hutafuta takataka zake: magamba ya kaa na makombe yaliyotupwa mbele ya tundu, au vijiwe vilivyorundikwa mlangoni bila mpangilio wa mawimbi. Hapo huingiza mti wenye ncha au nondo, akasubiri mkono wa kwanza ujizungushe. Msemo kwamba mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo una maana ya wazi kabisa asubuhi ya bamvua.

Sababu na tawakuli

Pamoja na hayo yote, ujuzi una mpaka. Mvuvi anajua maji yatapwa lini, lakini hajui kama tundu lina mwenyewe. Anajua nguru hupita mkondoni, lakini hajui kama watapita leo. Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitoa mgawanyo unaosaidia kueleza hali hii. Katika kitabu chake cha Ihya Ulum al-Din, sehemu ya tawhidi, yaani umoja wa Mungu, na tawakuli, yaani kumtegemea Mungu, aligawa sababu za kupata manufaa katika mafungu matatu: zenye yakini, zenye dhana kubwa na zenye wasiwasi tu. Kunyoosha mkono kuchukua chakula kilichopo mbele ni sababu ya yakini. Anayeacha kunyoosha mkono akisema anamtegemea Mungu hana tawakuli, ana upungufu wa akili. Kubeba chakula safarini jangwani ni sababu ya dhana kubwa: kwa kawaida bila hicho mtu hafiki, ingawa si muhali kufika.

Uvuvi wote uko katika fungu la pili. Si yakini, kwa sababu nyavu huweza kutoka tupu. Si wasiwasi, kwa sababu anayetega penye mkondo hupata zaidi ya anayetega penye mchanga mtupu. Kwa mtu aliye katika fungu hili, tawakuli ni kutumia sababu bila kuidhania kuwa ndiyo mtoaji. Hadithi ya Mtume iliyopokewa na Tirmidhi kuhusu ndege wanaotoka asubuhi na njaa na kurudi jioni wameshiba husomwa mara nyingi kwa maana hiyo: ndege hawakubaki kiotani. Pwani husema riziki ya mbwa iko miguuni mwake.

Madhehebu ya Ash'ari, ambayo ndiyo itikadi ya Masunni wengi wa pwani hii wanaofuata fikihi ya Shafi, huliweka jambo hilo kifalsafa zaidi. Kila tendo huumbwa na Mungu, na mja hulichuma kwa kukusudia na kutenda. Ujira na lawama hufuata uchumaji huo. Wapinzani wa nadharia hii wamedai tangu zamani kwamba haimwachii mja uwezo wa kweli. Kwa mvuvi, hata hivyo, inaeleza kitu anachokiona kila siku: kusudio ni lake, mkono ni wake, uvivu ni wake, na samaki si wake mpaka afike chomboni.

Kuna maelezo mengine yasiyotoka katika dini. Mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski, katika andiko lake la 1925 kuhusu uganga, sayansi na dini, aliandika juu ya wavuvi wa visiwa vya Trobriand katika bahari ya joto ya Melanesia. Wakivua ndani ya wangwa kwa sumu ya mimea, ambako pato lilikuwa la uhakika na hatari ndogo, hawakuwa na uganga wowote. Wakitoka bahari ya wazi, penye hatari na mashaka, uganga ulikuwa mwingi. Pwani ya Waswahili nayo imejua ubani unaofukizwa kabla chombo hakijashushwa, hirizi zinazofungwa chomboni na matambiko kwenye mizimu ya visiwani, mambo ambayo masheikh wengi wameyakemea. Malinowski anaeleza kwa nini mashaka huzaa ibada. Haelezi kama aliyeombwa yupo au hayupo. Hilo ni swali jingine na halijibiwi kwa kuhesabu hirizi. Kinachothibitika kwa pande zote mbili ni kwamba mpaka wa ujuzi upo, na kwamba mvuvi anautambua.

Nyangumi na watu wa Sabato

Mapokeo ya Kiislamu yana visa viwili vya pwani ya joto, vyote vikihusishwa na Bahari ya Shamu, vinavyoonyesha ncha mbili za swali hili.

Cha kwanza kimo katika hadithi sahihi. Kikosi cha watu 300 kikiongozwa na Abu Ubayda kilitumwa kuelekea pwani, chakula kikawaishia hadi kila mtu akawa anapewa tende kwa kuhesabiwa. Wakakuta ufukoni samaki mkubwa sana, nyangumi aliyetupwa na bahari, wakamla kwa siku nyingi. Mapokezi hutofautiana kati ya nusu mwezi na mwezi. Mafakihi wengi walikitumia kisa hiki kuthibitisha kuwa kilichokufa baharini ni halali. Wahanafi huweka sharti, hawamli samaki aliyejifia mwenyewe akaelea. Kifalsafa kisa kina uzito mwingine. Hapa kuna riziki bila mshipi, bila chambo na bila hila yoyote. Hata hivyo haikuja kwa waliolala nyumbani. Watu hao walikuwa njiani, na njaa yao ilikuwa imeshagawanywa sawa kabla shibe haijaja.

Cha pili kimo katika sura ya al-A'raf, aya ya 163, kuhusu wakazi wa mji uliokuwa kando ya bahari. Wafasiri wengi huutaja kuwa ni Ayla, kwenye Ghuba ya Akaba. Walikatazwa kuvua siku ya Sabato, na siku hiyo ndiyo samaki walionekana waziwazi juu ya maji, huku siku nyingine hawaji. Katika maelezo ya wafasiri, baadhi yao walitega nyavu na kuchimba mifereji siku ya Ijumaa, samaki wakanasa Jumamosi, nao wakaenda kuwatoa Jumapili. Kwa ufundi wa uvuvi hila hiyo haina kasoro: ni mtego wa kungojea, na hakuna aliyegusa mshipi siku iliyokatazwa. Kosa lilikuwa mahali pengine. Makatazo yaliacha siku moja ambayo bahari haidaiwi kitu, na wao wakatafuta njia ya kuila siku hiyo bila kuonekana wameila.

Wavuvi wa vijiji vingi vya pwani hawatoki Ijumaa mpaka baada ya sala, au hawatoki kabisa. Sheria ya Kiislamu haikulazimisha mapumziko ya siku nzima, lakini mila hiyo inafanya kazi ileile. Inamkumbusha mvuvi kwamba kuna samaki aliowaweza akawaacha.

Hila na mipaka yake

Kuvua hakuna njia isiyo na hila. Chambo ni udanganyifu kwa samaki, na hakuna mwanazuoni aliyeuharamisha kwa sababu hiyo. Sura ya al-Maida, aya ya 96, inahalalisha mawindo ya bahari, na sura ya an-Nahl, aya ya 14, inataja nyama mbichi ya baharini miongoni mwa neema. Tofauti kati ya hila na hila hupatikana ukiangaliwa mtego unaacha nini.

Mitego ya kungojea huacha mengi. Dema husukwa kwa fito au mianzi, huwekwa chambo na mawe ya kulizamisha, kisha hulazwa kando ya mwamba. Mlango wake hupungua kuelekea ndani, hivyo samaki aingiaye hapati njia ya kutokea. Matundu ya msuko yakiwa mapana, wadogo hutoka. Uzio unaopangwa wangwani hutegemea maji yenyewe: samaki huingia na maji yanayojaa, maji yakipwa hubaki. Mshipi nao huchagua, maana ndoana kubwa haimezwi na mdomo mdogo, na samaki asiyefaa huweza kurudishwa akiwa hai.

Nyavu huchagua kwa ukubwa wa macho yake. Jarife lenye macho mapana hukamata papa na taa, wadogo wakapita. Juya linalokokotwa hadi ufukoni huzoa kila kitu, likapita juu ya majani ya bahari ambako samaki wachanga hujificha. Kenya ililipiga marufuku mwaka 2001 pamoja na bunduki za kuvulia. Mwisho kabisa kuna njia zisizochagua na zisizoacha. Utupa, sumu ya mmea, huua ndani ya vidimbwi vya mwamba wakubwa kwa wachanga. Baruti, iliyokatazwa Tanzania Bara kwa Sheria ya Uvuvi ya 2003 na sheria zilizoitangulia, hupasua kibofu cha hewa cha samaki. Wengi huzama bila kuokotwa, na matumbawe yaliyovunjika huwa kifusi kinachohamahama, ambacho matumbawe mapya hayawezi kushika kwa miaka mingi.

Safu hiyo, kutoka dema hadi baruti, si safu ya ujuzi. Mwenye baruti anahitaji ujuzi mdogo kuliko mwenye mshipi: haoni haja ya kujua tabia ya changu wala saa ya maji. Anachokitafuta ni kuondoa sehemu ya pato ambayo haiko mikononi mwake. Dema linamwachia samaki nafasi ya kutoingia, nayo bahari nafasi ya kesho. Baruti haimwachii yeyote chochote. Kwa sababu hiyo hoja ya kidini dhidi ya baruti haikomei kwenye uharibifu wa mali au kuvunja sheria ya serikali. Baruti ni kukataa kuomba. Aya ya 41 ya sura ya ar-Rum, inayozungumzia ufisadi uliodhihiri bara na baharini kwa yale yaliyotendwa na mikono ya watu, husomwa sana na wahubiri wa pwani wanapofika hapa.

Umiliki na mgao

Kama pato lina sehemu mbili, ya ujuzi na ya riziki, umiliki wake nao hauwezi kuwa wa upande mmoja. Fikihi huanza kwa kusema kuwa samaki aliyeko baharini hana mwenyewe. Ni mubaha, na humilikiwa na yule anayemkamata. Hadithi inayowafanya watu washirika katika maji, malisho na moto huchukuliwa kuwa msingi wa fikra hiyo: vitu ambavyo hakuna aliyevizalisha havifungiwi na mtu mmoja. Papo hapo mafakihi walikataza kuuza samaki akiwa bado majini, kwa sababu ya gharari, yaani mashaka yanayofanya mnunuzi asijue ananunua nini. Sheria hapa inakiri waziwazi yale ambayo mvuvi anayajua. Mtu anaweza kuuza kazi yake na chombo chake. Bahati ya kesho hana ya kuuza.

Tajiri anayemkopesha mvuvi nyavu au mashine kwa sharti la kumuuzia yeye tu samaki wote wajao, tena kwa bei anayoipanga yeye, anakaribia sana katazo hilo. Kwa jina ni mkopo. Kwa hali halisi amenunua kilichomo majini, na hasara ya siku mbaya ameiacha kwa mvuvi.

Mgao wa pwani unafuata mantiki nyingine. Viwango hutofautiana kati ya kijiji na kijiji na kati ya nyavu na mshipi, lakini umbo lake hujirudia. Kwanza hutolewa kitoweo cha kila nyumba, kabla ya mnada. Baada ya mauzo huondolewa gharama za mafuta, barafu na chambo. Kinachobaki hugawiwa mafungu: fungu la chombo, fungu la nyavu au mashine, na mafungu ya mabaharia, nahodha akizidishiwa. Aliyesaidia kuvuta chombo mchangani naye huondoka na samaki mmoja au wawili, na mzee aliyeacha kwenda baharini hapiti mikono mitupu. Hesabu ya kibiashara ingemlipa kila mmoja kwa alichofanya siku hiyo. Mgao huu unamlipa mtu pia kwa kuwapo, kwa sababu sehemu ya pato haikufanywa na yeyote. Siku ambayo nyavu zimetoka tupu mabaharia wote hukosa pamoja, na ushirika huo wa kukosa ndio unaohalalisha ushirika wa kupata.

Mfano mwingine ni dago, kambi ya wavuvi wanaohama. Wapemba wamezoea kufuata samaki hadi pwani ya Kenya wakati wa kaskazi, wakapiga dago karibu na vijiji vya wenyeji. Kwa mila, mgeni hupiga hodi kwa wazee kwanza. Samaki hawana mwenyewe, lakini mahali pana watu wake, na mgeni anayepita bila hodi huonekana amechukua zaidi ya samaki. Migogoro ya madago aghalabu huanzia hapo, au kwenye zana za wageni zinazozoa kuliko za wenyeji.

Kama riziki haiishi, kwa nini samaki wapungue?

Pingamizi kubwa dhidi ya hifadhi za bahari hutolewa kwa lugha ya dini. Mungu ndiye mtoaji riziki, hazina yake haipungui, basi samaki hawawezi kwisha. Wakikosekana huku wamehamia kule, watarudi. Hoja hii haistahili dharau. Ina ukweli wa kimsimu, kwa kuwa maji yakijaa hupwa na samaki wa kaskazi si wa kusi, na imewalinda wavuvi wasikate tamaa miezi mibaya. Udhaifu wake ni kuchanganya mambo mawili. Riziki ni ahadi juu ya mja. Haikuwa kamwe ahadi juu ya mwamba fulani, aina fulani ya samaki, wala njia fulani ya kuvua. Mtu aliyekata mnazi wake hawezi kusema kwamba Mungu amemnyima nazi.

Kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, ni mahali ambapo jambo hili lilijadiliwa kwa uwazi. Masimulizi ya wenyeji yanasema Nabii Khidhri alifika hapo akaomba msala wa kusalia, wavuvi hawakuwa nao, akasema basi kisiwa chenyewe kitakuwa msala wake. Ndipo jina lilipotoka. Makka iko karibu kaskazini kamili ya Pemba, longitudo zikiwa hazitofautiani hata kwa digrii moja, na ncha ya kisiwa husemwa kuwa imeelekea huko. Mwaka 1998 Misali ilitangazwa eneo la hifadhi, baadhi ya sehemu zake zikifungwa kwa uvuvi. Katika miaka iliyofuata taasisi ya Kiislamu ya mazingira ya Birmingham, Uingereza, iliyoasisiwa na Fazlun Khalid, ilishirikiana na shirika la CARE kuendesha mafunzo kwa wavuvi na masheikh juu ya mafundisho ya Qur'ani kuhusu uangalizi wa viumbe. Dhana ya hima, eneo linalozuiwa kutumiwa kwa maslahi ya wote, ina mizizi katika zama za Mtume mwenyewe, hivyo hapakuwa na haja ya kuibuni upya.

Mfano wa pweza unaongeza ushahidi wa kimaumbile. Pweza huishi takriban mwaka mmoja hadi miwili, hukua kwa kasi, na jike hufa baada ya mayai yake kuanguliwa. Mwaka 2004 wavuvi wa Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, walifunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa, na walipoifungua pweza walikuwa wakubwa zaidi. Njia hiyo ilienea, na katika miaka ya 2010 wakazi wa Kisiwa Panza, Pemba, waliifuata. Aliyengoja hakuunda pweza hata mmoja. Aliacha tu, na kuacha huko ni sababu ya dhana kubwa sawasawa na kutega.

Linabaki tatizo ambalo mizani ya kosa na adhabu hailitatui. Mwaka 1998 joto la bahari lililoambatana na El Niño liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya magharibi ya Bahari ya Hindi, yakiwamo ya miamba ambayo haikuwahi kuguswa na baruti. Mwaka 2016 yalipauka tena. Mwenye dema aliyevua kwa adabu maisha yake yote alikosa sawa na mwenye juya. Kumwambia kwamba hiyo ni riziki aliyoandikiwa, na kunyamaza hapo, ni kuitumia itikadi kumficha aliyesababisha. Aya ya ar-Rum inataja mikono ya watu bila kusema ni mikono ya wale wanaodhurika. Anayechoma mafuta mbali na pwani naye yumo, na mvuvi ana haki ya kumdai.

Kwa hiyo ujuzi na riziki vinajibu maswali tofauti. Ujuzi unajibu jinsi ya kutafuta: upepo gani, maji gani, ndoana ya ukubwa gani, siku ipi ya mwezi. Riziki inajibu jinsi ya kukihesabu kilichopatikana: kwamba si chote ni cha aliyekishika, kwamba mwenzake aliyetoka mikono mitupu hakuwa mvivu, na kwamba kuna kiasi cha kuachwa majini. Anayeshika ujuzi peke yake huishia kwenye nyavu zisizochagua, kwa sababu hana hoja ya kumzuia. Anayeshika riziki peke yake huishia kuilaumu mbingu kwa mwamba alioubomoa mwenyewe. Mgao, hodi ya dago na mwamba uliofungwa ni njia ambazo watu wa pwani wamezitumia kuyashika yote mawili.